Gogo Lililokuwa na Wenyewe

Mwezi uliopita mjukuu wangu Aneti aliniingilia chumbani na kopo la dawa ya wadudu, kafunga kitambaa puani kama anakwenda vitani. Alikuwa ameona unga chini ya mwimo wa mlango, unga laini wa njano, umejikusanya kijilima kidogo kama ulezi uliomwagwa na panya. "Bibi, mlango wako unaliwa," akasema. Nikamwambia najua unaliwa, na najua anayeula, na ukipulizia hicho kitu chako hapa utafute bibi mwingine wa kumtembelea. Akacheka, akidhani natania. Nikamnyang'anya kopo nikalikalia. Akaondoka akamwambia mama yake kwamba uzee umenipanda kichwani. Na aseme. Mimi nilibaki nimeinama pale mlangoni, nikachota ule unga kwa kidole, nikaunusa.

Ninyi wa rika langu mliochunga, harufu hiyo mnaijua. Ni tamu kidogo na chachu kidogo, kama togwa iliyolala. Mimi sikusoma sana, ni yale madarasa mawili ya kanisani, la tatu nikatolewa nikachunge. Lakini majina huwa siyaachi. Nikitajiwa mtu mara moja, au ng'ombe, au mdudu, basi amekaa. Kwa hiyo niacheni niandike ninavyojua.

Malisho yetu yalikuwa upande wa Chiwezi, mwendo wa kumaliza kiazi kimoja huku ukiswaga ng'ombe. Hayakuwa mbuga wala hayakuwa msitu. Miyombo mikubwa ilisimama mbalimbali, kila mmoja na kivuli chake, na chini yake nyasi zilikuwa fupi kwa sababu ng'ombe hawakuzipa nafasi ya kukua. Miti yenyewe ilijaa makovu. Kiangazi kikikaza, watu wazima walipanda juu wakakata matawi kuwaangushia ng'ombe majani. Pale palipokatwa maji ya mvua yaliingia, pakaoza, pakawa tundu, na tundu halikukaa mwezi bila kupata mwenyewe. Mingine ilibanduliwa magome ya kufanyia kamba na mizinga ya nyuki, ikafa imesimama vilevile, myeupe kama mifupa. Mimi nilikuwa na ng'ombe watatu wa nyumbani: Ndola, Mashaka na Simameni. Binamu yangu Tabita, ambaye alikuwa mkubwa kwangu kwa mvua moja na hakuniacha nisahau, alikuwa na watano.

Katikati ya malisho lilikuwapo gogo. Myombo huo ulianguka nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ulikuwa mnene kiasi kwamba tukisimama mimi upande huu na Tabita upande ule, hatuonani. Ng'ombe walipenda kulala kando yake na kujikuna, mpaka upande mmoja ukawa laini kama kiti cha jumbe.

Hapo ndipo nilipomkuta baba yangu.

Ngojeni niwaeleze. Baba, Lazaro, alikwenda Kopabeti kwenye migodi ya shaba nikiwa sijang'oa jino la kwanza. Wengi walikwenda, mnakumbuka malori yalivyokuwa yakiwachukua pale mpakani Tunduma, wamesimama kama kuni zilizofungwa. Siku moja nilimuuliza bibi yangu, Bibi Keliya, mama yake baba, kwamba huko baba anafanya nini. Bibi alikuwa anasaga ulezi, na mtu anayesaga hana muda wa maneno mengi. Akasema, "Yuko chini, anachimba na wenzake gizani. Vumbi wanalisukuma nje."

"Atatokea wapi?"

"Popote watakapomtolea," akasema, akaendelea kusaga.

Sasa mtoto naye ana hesabu zake. Nilipokwenda malishoni nikaweka sikio kwenye gogo. Ndani, mbali kidogo, nikasikia: kre, kre, kre. Kimya. Kre, kre. Na chini ya kila tundu kulikuwa na kijilima cha vumbi, jipya, limetoka kusukumwa asubuhi ile. Yuko chini. Anachimba gizani. Ana wenzake. Vumbi wanalisukuma nje. Ningefikiri nini kingine?

Nilimwambia Tabita. Tabita akanitazama kama mtu aliyemeza inzi. "We mtoto, Kopabeti ni mbali. Watu wanapanda lori siku mbili."

"Lori linapita juu," nikamwambia. "Yeye yuko chini. Chini hakuna mpaka."

Tangu hapo kila siku nilikata kipande cha ugali wangu nikakisukuma kwenye tundu, na kesho yake kilikuwa kimekwisha. Leo najua ni chungu waliokuwa wakikibeba. Wakati ule nilijua kimepokelewa.

Lakini baba hakuwa peke yake mle, na mimi sikuwa na adabu mbaya kiasi cha kumsalimia mmoja na kuwapita wengine. Kwetu Wanamwanga jina la ukoo la mwanamume huanza na Si na la mwanamke huanza na Na: kaka akiwa Simwinga, dada yake ni Namwinga. Basi wakazi wote wa gogo tuliwapa koo. Wenyewe tuliwaita kwa Kinamwanga. Hapa nawapindisha kidogo waelekee Kiswahili ili nanyi muwaone. Alikuwapo Sipembe, mwenye nyuzi mbili kichwani ndefu kuliko mwili wake mzima, zimejikunja nyuma kama pembe za fahali. Ukimshika shingo analia kwii, kwii, anakushitaki kwa wazee. Nang'ara alikuwa wa kijani chenye kumeta kama chupa iliyovunjika. Huyo alikuja jua kali tu, tena kwenye matawi yaliyokufa mwaka ule ule; mti ukishazeeka katika kufa kwake, hautaki tena. Sikeekee alikuwa nyuki mkubwa mweusi, aliyetoboa tundu la mviringo sawasawa kabisa kwenye mbao ngumu, fundi yeyote angeona aibu. Naunga sikumwona uso hata mara moja, alikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi, niliona unga wake tu. Na Siruka, ukimlaza chali analala kama maiti, halafu, ta! amejirusha juu na kuangukia miguu yake, na Tabita anapiga kelele kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Niliyemwogopa ni Nasindano. Alikuwa kama nyigu, mwembamba, na nyuma amevuta uzi mrefu kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Alitembea juu ya gogo akiligonga kwa ndevu zake, anasikiliza kama ninavyosikiliza mimi. Akipata anapopataka anasimama, anakunja mwili, ule uzi anauzamisha kwenye mti, mti kabisa, kama sindano kwenye nguo. Nilidhani anamchoma baba. Nilimfukuza kwa fimbo msimu mzima.

Upande wa kivulini, ambako mti ulikuwa umeoza ukawa kama keki, ndiko alikokaa Namafuta, funza mnono aliyejikunja, kichwa chekundu. Bibi Keliya alikuja kuchukua wachache mvua zikianza, akawakaanga kwenye kigae bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe. Na ndani ya uwazi walikaa Natamu, nyuki wadogo wasiouma, mlango wao bomba la nta jembamba kama bua la nyasi. Asali yao Bibi alikuwa akimpa mtu mwenye kifua.

Yeye ndiye aliyetuwekea masharti. Kabla ya kugeuza ganda lolote tupige magoti na makofi ya taratibu, kama mbele ya wakwe. Na ganda tukishaligeuza, tulirudishe lilivyokuwa, upande ule ule. "Umefungua mlango wa mtu," alisema. "Ufunge." Upande mgumu hakuchukua kitu, wala hakuturuhusu kupasua kwa shoka. Kila ukuni una msimu wake na wakazi wake, ukiuchanganya umewafukuza wote.

Mwaka huo ng'ombe walianza kufa. Sitasema uongo, walikufa kweli. Wa Jumbe Enoki walikonda huku wanakula, macho yanatiririka, manyoya yamesimama, na wanne wakaanguka kwa mwezi mmoja. Ndipo akaletwa bwana mifugo, kijana mrefu mwenye kaptula iliyonyooshwa, jina lake Festo. Alikuwa mgeni wa mbali, hajui hata salamu ya Kinamwanga. Nimesikia wengine wakimwita mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na amri mfukoni, na mtu mwenye amri mfukoni anatembea haraka.

Amri yenyewe: magogo yote na miti yote iliyokufa kwenye malisho ichomwe, kwa sababu mbung'o, yule inzi anayewaua ng'ombe, huzalia chini yake. Kila gogo liandikwe jina la mwenyewe, na mwenyewe alichome kwa mkono wake.

Alitukuta tumelala juu ya gogo kama mijusi. Tukashuka, tukamwamkia. Akaitikia vizuri, akatoa daftari.

"Gogo hili la nani?"

Tabita akanitazama. Mimi nikasema, "Lina wenyewe, bwana."

"Wenyewe akina nani? Wataje, usiogope."

Jamani. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza. Nikasimama wima kama niko mbele ya darasa.

"Sipembe."

"Polepole, mtoto. Si-pe-mbe. Haya."

"Nang'ara. Lakini huyu anakuja mchana tu."

"Si mkazi?"

"Ni mkazi, bwana, ila anapenda jua."

Akaandika. Nikamtajia Sikeekee na Naunga, nikamtajia Siruka, Namafuta na Natamu. Nasindano nilimtaja pia, ingawa tulikuwa hatupatani, maana anaishi pale. Bwana Festo akafuta jasho. "Gogo moja watu wote hawa?"

"Wapo na wengine, majina bado sijawapa."

Nadhani hilo la mwisho hakulisikia. Akauliza, "Na mbona kijijini sijaonana nao?"

"Wako kazini. Wanachimba."

"Aaa." Akagonga daftari kwa kalamu, uso ukafunguka. "Watu wa Kopabeti."

"Ndiyo, bwana," nikasema, kwa moyo mweupe kabisa. "Na Lazaro, baba yangu. Mwandike na yeye, asisahaulike."

Akamwandika.

Siku ya tatu likaitwa baraza nyumbani kwa Jumbe Enoki, jua la saa nne. Wote walikuja, wanawake upande mmoja na wanaume upande mmoja. Bwana Festo alianza vizuri. Akatoa kichupa chenye vitu vyeusi, vidogo kama maharage yaliyodumaa, akakipitisha mkono kwa mkono. Akasema huyu ni mtoto wa mbung'o kabla hajatoka, mama yake humzaa kivulini kwenye udongo laini. Kichupa kikanifikia. Nilikitazama mpaka nikapigwa kumbo. Mimi niliyekuwa nimegeuza kila ganda la gogo lile, kitu hicho sikuwahi kukiona.

Halafu akafungua daftari aite wenye magogo. Waliotangulia waliitika. Akafika kwetu.

"Sipembe!"

Kimya.

"Sipembe yupo?"

Mzee mmoja, Yeremia, alikuwa na mdomo usiofungika. "Yupo, bwana," akasema. "Nimemwacha kwenye kuni za mke wangu."

Kicheko cha kwanza kikapita. Bwana Festo akadhani wanamcheka huyo mke. "Nang'ara!"

"Huyo haolewi!" akadakia mwanamke mmoja nyuma. "Anajiona mno!"

"Namafuta!"

"Tulimla juzi!" akasema Yeremia.

"Mlimla? Mtu mnamlaje?"

"Kwa ugali, bwana!"

Hapo baraza likavunjika. Watu walishikana mabega. Bibi Keliya alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa nguo. Bwana Festo alisimama katikati na daftari lake, akatazama ukurasa, akatazama watu, na nikaona kwa macho yangu akielewa. Masikio yalianza kumwaka kwa aibu. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza anachosoma, akasoma na jina la mwisho, kwa sauti ile ile.

"Lazaro."

Kicheko kikakatika kama kamba.

Watu walimtazama mama yangu, Rahabu, halafu wakaacha kumtazama. Tangu mavuno ya mwaka juzi kulikuwa hakuna barua ya baba, wala salamu kwa mdomo wa mtu. Wanaume walikuwa wanarudi na kwenda tena, wanaulizwa, wanasema hawajamwona, na wanasema wakiangalia chini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kwamba watu wanajua.

Jumbe Enoki akakohoa. Alikuwa amefiwa na ng'ombe wanne na mgeni wake amedhihakiwa uani kwake. Akasema, "Gogo hilo ndilo litakuwa la kwanza. Kesho asubuhi. Na moto ataleta mtoto huyu wa Rahabu mwenyewe, kutoka jikoni kwao, ili ajifunze."

Nyumbani mama hakunipiga. Ningependelea anipige. Aliniketisha akauliza, "Kwa nini ulimtaja baba yako?"

"Kwa sababu yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye gogo. Anachimba. Namsikia."

Angeweza kuniambia hayumo. Neno moja tu. Hakuniambia. Alichosema ni hiki: "Kesho utapeleka moto, mwanangu. Mimi hapa ni mke asiye na mume. Nikibishana na jumbe, nani atasimama nyuma yangu? Utapeleka, utawasha, tutarudi nyumbani."

Asubuhi akanitilia makaa matatu kwenye kigae, akayafunika majivu yasizimike njiani, akanisukuma begani. Yeye alibaki. Nilitembea kati ya Bibi Keliya na Tabita, ng'ombe wakitangulia, makaa yananiunguza vidole. Kwenye gogo walikuwapo Bwana Festo, Jumbe Enoki, na wanaume sita hivi wenye majembe na shoka. Nyasi kavu zilikuwa zimeshapangwa.

Kando ya gogo kulikuwa na dimbwi ambalo ng'ombe walinywea. Nikaenda moja kwa moja mpaka hapo, nikamwaga makaa. Tsss.

"Umefanya nini?" akauliza Bwana Festo.

"Umezimika."

"Umeuzima."

"Basi nimeuzima." Nikapanda juu ya gogo nikakaa, miguu nimeibana huku na huku kama nimempanda Mashaka.

"Enoki, huyu mtoto ana wazimu," akasema mwanamume mmoja.

"Mteremshe."

"Mimi? Bibi yake si yule pale?"

Maana Bibi Keliya alikuwa ameshajisogeza mpaka mbele ya nyasi zile, mikono nyuma, mgongo umepinda, mfupi kuliko mashoka waliyobeba. Akamwambia Bwana Festo, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Baba, wewe unamtafuta nani?"

"Mbung'o, mama."

"Basi mtafute. Majembe yapo. Chimba chini ya gogo. Ukimpata mmoja, moto nitawasha mimi."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu alikuwa na kichupa chake na alikuwa anajua kweli anachokitafuta. Walichimba upande huu na upande ule mpaka jua likapanda. Walifukua jongoo, na mchwa, na Namafuta watano, na wadudu weusi wenye mbio ambao hata mimi sikuwa nimewapa jina. Bwana Festo alipiga magoti na kaptula yake iliyonyooshwa, akachekecha udongo kwa vidole. Hakupata hata mmoja.

"Hapa hawezi kukaa," Bibi akasema. "Ng'ombe wanalala hapa, nyasi fupi, jua linafika mpaka chini. Hata moto wa kiangazi unapita kando, hauna cha kula. Mbung'o anataka kichaka. Kichaka kiko kule bondeni, huwa hatuchungi huko. Kachome kule."

"Amri inasema magogo yote, mama."

"Amri imelala hapa usiku gani ikaumwa na mbung'o?"

Wanaume wakacheka chini chini. Jumbe Enoki hakucheka. Akasema labda hao wadudu wako ndani, lipasuliwe. Kabla Bibi hajafungua mdomo, shoka likawa limeshapanda na kushuka, upande mgumu, mkono mmoja tu kutoka kwenye goti langu. Likashuka tena. Kipande kikubwa kikabanduka kikaanguka.

Niliinama nitazame. Nataka mjue kwamba niliinama kwa furaha. Nilidhani nitauona mkono wa baba.

Kulikuwa na njia, nyembamba, imepinda vizuri, imepigwa msasa kwa meno. Na mwisho wa njia alikuwapo funza. Mweupe, mrefu kama kidole, kichwa cha kahawia, hana miguu, hana macho. Jua lilimpiga akajikunja. Halafu, kwa kuwa alikuwa hana jingine la kufanya, akarudi ukutani akauma mti. Kre, kre, kre.

Ni sauti ile ile. Sikuhitaji mtu anieleze. Yote yaliingia mara moja: ugali, vumbi, macho ya watu barazani, mama aliyenyamaza. Tabita, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alikuwa ameficha uso kwenye mgongo wa ng'ombe wangu Ndola.

Bwana Festo alimtazama funza, akanitazama mimi. Nadhani jina la mwisho katika daftari lake lilimrudia. Sauti yake ilishuka. "Mtoto," akasema, "baba yako hayumo humu. Umeona. Sasa shuka."

"Nimeona."

"Basi shuka."

"Hayumo. Sishuki."

"Sasa unakalia nini?"

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi, nikichota maji, nikizaa, nikizika. Ningeweza kumwambia mengi mazuri sasa. Siku ile nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, kamasi zinanitoka, nikamwambia nilichokuwa nacho. "Wao wamo," nikasema. "Nilikwambia lina wenyewe, ukaandika." Nikachukua kipande kilichobanduka, kizito kuliko nilivyodhani, nikakirudisha juu ya yule funza, upande ule ule kilivyokuwa, nikakikalia.

Jumbe Enoki alitaka nivutwe. Hakuna aliyetangulia kunyoosha mkono, kwa sababu ya Bibi, na kwa sababu ya jina la baba. Mwishowe Bwana Festo akasema yapo magogo mengine ya kuanza nayo, watarudi kwa hili kabla jua halijazama, na akinikuta juu yake atanishusha yeye mwenyewe. Wakaondoka. Bibi akaenda nao, anawafuata nyuma akiwaonyesha bonde, nalisikia domo lake mpaka likapotea. Tabita akaswaga ng'ombe wote wanane. Baada ya muda nikaanza kuona moshi, mmoja, miwili, mitano, huko na huko kwenye malisho, na kila moshi nilikuwa namjua mdudu ambaye ulikuwa mlango wake.

Nawaambia kabisa msije mkakaa roho juu: gogo lile halikuchomwa, jioni ile wala siku nyingine. Lilikwisha lenyewe, limeliwa na wenyewe, mimi nikiwa nimeshaolewa. Na baba hakurudi. Nani alimzika na wapi, hakuna aliyeniambia mpaka leo. Lakini hayo mnayajua ninyi. Mimi niliyekaa pale juani sikuyajua. Nilijua tu kwamba nimebaki peke yangu, kwamba chini yangu wanachimba watu nisio na undugu nao, na kwamba sitashuka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipomwona mama anakuja kutoka upande wa nyumbani. Alikuwa anatembea haraka, na nikajua amepelekewa habari, na anakuja kunishusha. Nikashika gogo kwa mikono miwili. Alifika, akasimama, akautazama udongo uliofukuliwa, na nyasi kavu, na mimi. Uso wake ulikuwa umevimba. Alifungua nguo yake ya kiunoni akaifunga upya kwa nguvu, kama afanyavyo akitaka kujitwika mzigo, akaweka mguu kwenye kifundo cha tawi, akajivuta juu.

"Sogea," akasema.